Chaki Kwenye Tairi Pana

Fundi alichora mstari wa chaki kukatiza upana wa tairi pana la nyuma, akaniambia niendeshe gari polepole hadi getini na kurudi. Niliposhuka, chaki ilikuwa imefutika katikati tu. Pembeni ilibaki nyeupe pee.

"Umejaza upepo kiasi gani?" fundi aliuliza.

"Ulioandikwa kwenye mlango wa gari."

"Huo ni wa yale matairi membamba uliyong'oa, mjuaji; kwa haya mapana umezidi, yamevimba katikati. Injini ina nguvu zote hizi, nawe umeshika lami kwa upana wa kiganja. Kwenye maji ya mvua gari lingeelea, lisishike barabara."

Jana nilimpeleka mama kwa dada, mvua ikimwagika, nami nakanyaga mafuta kwa maringo.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Njoo unichukue, mwanangu. Gari lako limetulia. Jana nililala njia nzima."