Bangili ya Balozi Apolinari

Jumanne saa nne asubuhi, Romani, fundi baiskeli wa Vingunguti, alimfunga Balozi Apolinari bangili kwenye mkono wa kulia. Aliitengeneza kwa mkanda wa ngozi, springi mbili za kiti cha baiskeli na gololi kumi na moja. Mkono uliotetemeka miaka mitatu ukatulia.

"Mtetemo haujafa, mzee," Romani alisema, akijifuta grisi. "Umetoka tu. Utatafuta pa kukaa."

"Ukae popote. Mie nataka kuandika."

Apolinari alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ofisi ya kata ilimtaka kila balozi alete, kwa mwandiko wake mwenyewe, jina la mkazi mmoja asiye na kazi, apelekwe kijijini akalime. Asiye na kazi alijulikana. Ni Gaspar, shemeji yake, aliyelala kwenye mkeka wa balozi tangu Sabasaba akisubiri chakula kiive. Lakini Kokushubila, mke wa Apolinari, alikuwa amesema neno moja: "Thubutu!"

Apolinari akaandika Mwanaasha binti Seif.

Mwanaasha alikuwa mjane wa nyumba ya tano, muuza vitumbua, mtu wa kuamka kabla ya adhana. Miaka yote mitatu, kwenye kila msiba na kila kikao, ndiye aliyemshikia balozi kikombe cha chai, akikaa upande wake wa kulia ili watu wasione. Asubuhi hiyohiyo Apolinari alikuwa amekula vitumbua vyake vinne. Vitumbua havina kitambulisho cha kazi, alijiambia, akaona haya hata kujiambia.

Mwandiko ulitoka mzuri. Ila jina lenyewe lilitetemeka juu ya karatasi, na karani wa ofisi akaliwekea jiwe lisimsumbue mezani.

Lori lilikuja Alhamisi. Mwanaasha alipanda na kikaango chake, mikono ikimtetemeka.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba," Apolinari aliitikia, akiyatazama matairi.

Baada ya miezi miwili ikaja barua, mistari ikipanda na kushuka. "Hatujambo. Mikono inatetemeka, unga unamwagikia motoni. Mtetemo huu naujua, ni wako, nimeushika miaka mitatu. Ikiwa ile bangili huihitaji tena, nitumie."

Apolinari aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Aliivua bangili, mkono ukabaki umetulia. Akaifunga kwenye gazeti, akaipeleka kwa Romani amtafutie mtu wa safari.

"Itafika," Romani alisema. "Ila mtetemo ukifukuzwa kule, utarudi kwa mwenyewe."

Apolinari alikichukua tena kile kifurushi. Akarudi nacho nyumbani, akakisukuma chini ya kitanda.

Ijumaa ofisi ilitaka jina lingine. Kokushubila alimwekea mumewe chai kando ya karatasi. Gaspar alikuwa amelala mkekani. Apolinari alikunywa kikombe kizima, hakumwaga hata tone, akachukua kalamu.