Beki Aliyemfundisha Mrithi Wake

Jumamosi moja ya mwaka 1961, zikiwa zimebaki siku tatu familia yake ipande treni ya kwenda Kasai, Barnabé alikwenda uwanjani Panda kama kawaida. Kasai kwenyewe, walikotoka wazazi wake, hakukujua; alizaliwa Likasi, mji wa migodi wa Katanga, na kwa miaka saba alikuwa beki wa timu ya kambi ya wafanyakazi. Lakini mwaka ule Wakatanga walikuwa wakiwafukuza watu wenye asili ya Kasai: nyumba yake ilikuwa imepigwa mawe mara mbili, mkewe Marcelline amekwisha funga mizigo, na kocha amemwambia, bila kumtazama usoni, kwamba kesho nafasi yake atacheza Cyrille, Mkatanga.

Cyrille alikuwa uwanjani na mtoto mmoja tu aliyekuwa akichezea mpira. Alimwita yaya, kama mdogo amwitavyo mkubwa wake.

"Yaya, miye najua kunyang'anya mupira. Lakini wale wasio na mupira, wanaonizibia njia, wananishinda."

Moyo ulimwambia Barnabé: mwache, wafungwe mabao kumi. Kisha akavua koti, akasimama mbele yake.

"Nipite, umfikie yule mtoto mwenye mupira."

Cyrille akaja kwa nguvu. Wakashikana kama wapigana mieleka.

"Mwenye mupira iko wapi?" Barnabé akauliza.

Cyrille akageuza kichwa kumtafuta mtoto.

"Ona sasa. Huyu anayekuzuia hana mupira. Ukishindana naye, umemsaidia kazi. Macho kwa mwenye mupira, kiunoni. Miguu inadanganya, kiuno hapana. Huyu mpige bega moja, ukiwa umeinama, upande ule mupira unakokwenda, halafu mwache. Usizunguke mugongoni mwake, utachelewa."

Walirudia mpaka mashati yakalowa.

Jumapili Barnabé alitazama mechi akiwa nje ya kamba. Kipindi cha pili mpinzani mmoja alimziba Cyrille, akamtukana mama yake. Cyrille akageuka, ngumi tayari.

"Mwache huyo! Mupira!" Barnabé akapiga kelele.

"Huyu Mukasai anatafuta nini hapa?" mtu akauliza nyuma yake. Barnabé hakugeuka.

Cyrille aliinama, akagonga kwa bega, akapita. Mshambuliaji alikuwa ameinua mguu kupiga alipopokonywa mpira. Uwanja mzima ukaimba jina la Cyrille. Barnabé akaenda zake kabla ya kipenga cha mwisho.

Jumanne Cyrille alifika stesheni mchana kweupe, Wakatanga wenzake wakimwona, akabeba cherehani ya Marcelline mpaka ndani ya behewa.

"Nisamehe, yaya."

"Haiko weye uliyenifukuza," Barnabé akasema.

Hakuwa na hakika kama amesema kweli. Akampa mkono dirishani, akamshika hadi treni ilipoanza kusogea.