Banda Alilojenga Shemeji

Mshonaji alikuwa akipachika zipu kwenye sketi ya shule aliposikia bata wake wamenyamaza. Bata wakipiga kelele huna la kuogopa, wanagombania pumba. Wakinyamaza, kuna mgeni. Akaacha cherehani, akatoka uani, akamkuta shemeji yake akitoka bandani kinyumenyume, mkia kwanza.

Shemeji huyu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mchana alikuwa seremala. Jua likianza kushuka aligeuka kicheche, mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, na harufu yake ilibaki kwenye nguo zilizoanikwa hata zikifuliwa tena. Hakujificha. Baba yake naye alikuwa hivyo, ila yeye alipendelea kuku.

"Shemeji, habari za kazi?" aliuliza kicheche, manyoya yamemganda mdomoni.

"Nzuri, shemeji. Karibu."

"Nishakaribia."

Banda alilijenga yeye mwenyewe. Mbao nzuri, misumari mipya, wavu wa chuma, na chini kwenye kona, tundu la kiasi chake. Kila bata alipoliwa, mshonaji alimwita aje kuziba, kwa sababu nyumba yenye seremala haiiti seremala wa nje. Ingekuwa kumvua nguo mbele za watu. Alikuja asubuhi na nyundo yake, akaziba tundu la zamani kwa ustadi kabisa, kisha akakata jipya upande wa pili na kulipiga msasa lisije likamkwaruza mtu. Mshonaji alimshikia misumari. Inaudhi, lakini nani mwingine angeishika?

Alikwenda kwa mama mkwe, akamkuta anachambua mchele.

"Mwanangu, kwani anakula bata wa nani? Si wa mdogo wake? Angekuwa kicheche wa porini tungemtegea. Huyu wetu."

"Basi aniachie mmoja, mama. Yule mweupe tu."

"Umemwambia?"

Alikuwa amemwambia. Shemeji alijibu kwamba amesikia.

Jirani, akipimwa kiuno, alisema kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaomba pindo liachwe refu.

Bata mweupe aliachwa na marehemu. Mumewe alimlisha kwa kiganja akiwa kitandani, siku ambazo yeye mwenyewe hakuweza tena kushika kijiko. Wale wengine mshonaji aliwalilia kidogo akaendelea na kazi. Huyu asingeweza. Na sasa alikuwa anaatamia, kwa hiyo akamhamishia chumbani na mayai yake, ndani ya kapu chini ya cherehani, akafunga mlango kwa komeo.

Jioni ikapigwa hodi.

"Hodi, shemeji."

Mshonaji alisimama, mkono kwenye komeo. Nje majirani walikuwa wamekaa, wanasikia. Hodi ya kaka wa mumeo huiachi mlangoni.

"Karibu," alisema, akafungua.

Kicheche alifuta miguu yake yote minne, akapita. Mshonaji aligeukia ukuta, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza. Shemeji alipomaliza aliomba maji ya kunawa. Mshonaji akammiminia. Wakati wa kutoka shemeji aliutikisa mlango, akasema bawaba imelegea, atakuja kuirekebisha.

Mayai yalikuwa bado na joto. Mshonaji akayakalia, akavuta cherehani karibu, akaendelea kushona. Wateja walipimwa wakiwa wamemwinamia, na wote walimwambia pole. Vifaranga wakaanguliwa wakiwa wazima, wakawa wanamfuata jikoni, bombani, dukani kwa nyuzi, wakimwita mama.

Mama mkwe alikuja kuwaona. Alifurahi sana, akasema mmoja amechukua macho ya marehemu. Nyuma yake alisimama shemeji, na kwa kuwa ilikuwa mchana alikuwa mtu kamili, penseli sikioni. Aliinama, akamwinua kifaranga yule, akamtazama mbele na nyuma.

"Hawa watahitaji banda kubwa," alisema.

Mshonaji akaenda kutafuta misumari.