Cherehani ya Kituoni

Chumba cha vidhibiti, mali za ushahidi pale kituoni, hakikuwa na dirisha, ila tundu moja juu lililowekewa nondo. Mwanga ulishuka kutoka hapo ukaangukia baiskeli zisizo na matairi, televisheni tatu, mitungi ya gesi, na cherehani iliyochorwa namba kwa chaki ubavuni. Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani hiyo, anapunguza kiuno cha suruali ya polisi. Cherehani ilikuwa yake. Suruali ndiyo haikuwa yake, wala ya mteja wake.

"Ile ya jana inanibana makalioni," alisema koplo, ameegemea mlango.

"Haibani," sauti ya askari wa kike ikatoka kaunta. "Punguza chai za watu!"

Koplo alicheka. Fundi naye alicheka kidogo, maana hapo ni mahali pa kucheka wenyewe wakicheka.

Miezi miwili nyuma, mpaka rangi mmoja aliyepanga chumba cha uani alimvunjia mlango akaondoka na cherehani. Hakufika mbali. Majirani walimkuta nayo kwenye toroli wakamzunguka, wengine tayari wameshika mawe. Wakamwambia fundi, "Beba kitu chako mama, ukashone. Huyu tuachie sisi."

Hakutaka. Aliogopa damu ya mtu. Aliogopa pia kwamba kesho atatokea wa kusema hiyo cherehani ni ya wizi, naye hana karatasi ya kuonyesha kuwa ilipotea ikarudi. Akataka iandikwe. Wakaisukuma mpaka kituoni kwa toroli lile lile, yeye mbele, na risiti yake ya dukani kwenye kitambaa.

Iliandikwa. Na ikishaandikwa, haitoki mpaka kesi iishe.

Wiki ya pili yule mpaka rangi alipewa dhamana. Wiki ya nne jalada la kesi likawa halionekani.

"Bila jalada hakuna kesi," koplo alimweleza taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Na kesi isipoisha, kidhibiti hakitoki."

"Sasa kesi ambayo haipo itaishaje, afande?"

"Ndiyo tunalifanyia kazi hilo, mama."

Alikwenda kuulizia kila siku, mpaka wakamzoea. Siku moja koplo akamwambia, wewe upo, cherehani ipo, hebu nishikizie hii mifuko. Kesho yake zikaja suruali mbili. Mwisho mkuu wa kituo mwenyewe akamwita ofisini. Kitambaa kinaletwa, alisema, lakini fungu la kushonesha huishia huko huko juu. "Usalama una gharama zake, mama. Kila raia achangie kwa alichonacho. Huoni tangu tumkamate yule mwizi, mtaa wenu umetulia?"

Fundi alijibu ndiyo, umetulia.

Umetulia kweli. Chumbani kwake, pale cherehani iliposimama miaka kumi na moja, sakafu ina alama nne za miguu yake. Zamani majirani walijua kuwa ni mzima kwa ule mlio, na ukinyamaza nusu siku, mtu angegonga. "We fundi, umekufa humo?" Sasa pako kimya mwezi wa tatu huu, na hakuna anayegonga. Sare za shule alizoahidiwa kushona walipewa wengine. Wateja waliposikia kuwa anashinda kituoni, wakaanza kumpita wakiangalia chini. Jioni hula kilichopo, amesimama, kwa kuwa kiti alikileta huku.

Uzi pia huleta mwenyewe.

Siku hiyo koplo alikuja na koti la sherehe la mkuu, mikono imeshikizwa kwa pini. Ijumaa kuna mgeni mkubwa.

"Litoe safi," alisema, akishusha sauti. "Amesema likimkaa, atasaini uichukue. Kwa muda, lakini utakuwa nayo nyumbani. Kaniambia kwa mdomo wake."

Fundi alifuta mikono kwenye gauni kabla ya kulipokea. Alitoa pini moja moja, akazibana midomoni. Koplo alishatoka, naye alikuwa kwenye bega la pili, aliposikia viatu vya kike mlangoni.

Alikuwa msusi mmoja, bado amevaa aproni, amekumbatia mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia, waya umemning'inia mpaka magotini.

"Habari za kazi, dada. Nimeambiwa ni huku." Alikuwa anahema. "Waliniibia jana, leo tumeikuta kwa mtu sokoni. Wenzangu wananiambia rudi nayo saluni basi, nikasema hapana, bora iandikwe. Naandikisha tu naondoka nayo, si ndiyo? Kesho nina bibi harusi na wasimamizi wake wanne."

Fundi alitema pini kiganjani. Kutoka hapo mpaka geti la nje ni hatua ishirini, na kaunta ilikuwa na mtu mmoja tu, amewapa mgongo. Angeweza kusema neno moja. Koti la mkuu lilikuwa mapajani mwake, zito, bega moja bado.

"Dada?" msusi aliuliza. "Si naondoka nayo?"

Fundi alifungua mdomo.

"Ehee, tuone," alisema koplo, ameshaingia. Aliipokea ile mashine kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, akaiweka juu ya televisheni. Akatoa kadi mfukoni, akaandika namba, akaitoboa kwa kalamu. "Fundi, nikatie uzi hapo."

Fundi alivuta uzi, akakata.

"Leta mrefu kidogo."

Akavuta mwingine.

Msusi alikuwa bado amekunja mikono kifuani kana kwamba ameibeba, anamtazama yeye, si koplo. Anangoja jibu.