Mikono ya Chumba Namba Nne

Jumatatu saa tatu asubuhi, Daktari Petrosino alisukuma mlango wa chumba namba nne kwa bega, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imetoweka kizingitini kama kawaida. Madaktari saba wa hospitali ile ya milimani Kalabria, kusini mwa Italia, walikuwa wametia saini kwamba dhamiri haiwaruhusu kutoa mimba, na tangu hapo mikono yao haikuingia chumba kile. Wakirudi ukumbini waliikuta, mizima, wakashikia vikombe vya kahawa.

Ornella Scalise, mshona nguo, mama wa watoto watatu, alikuwa amelazwa humo akitaka kutoa mimba ya siku themanini na nane. Sheria huruhusu mwisho siku ya tisini. Petrosino alimshauri kwa upole asubiri hadi Alhamisi, daktari wa nane, ambaye hakutia saini, atakapotoka likizo. Ornella akahesabu. Alhamisi ilikuwa siku ya tisini na moja.

Mchana akaingia Don Saverio, padri wa hospitali, na mikono yake yote miwili. Hapo Ornella akaingiwa na shaka zaidi. Mikono ile ilimwekea mto vizuri, ikammenyea chungwa. Padri akauliza habari za watoto, za mvua, za cherehani. Mtu asiye na haraka hospitalini ana lake jambo.

“Padri, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nani kakutuma?”

Don Saverio alifuta kisu.

“Petrosino. Kaniomba nikuzungumzishe mpaka Alhamisi.”

“Nawe ukakubali.”

“Nilikubali, mwanangu. Na unachotaka sikiafiki, nisikufiche. Lakini sikupewa upadri niwapotezee watu siku.”

Ornella hakumwamini. Akamtaka apigie simu hospitali nyingine pale pale, sauti wazi, asikie mwenyewe. Ya tatu kupigiwa, huko Napoli, ilikuwa na nafasi kesho yake.

Padri alimpeleka kwa kigari chake. Njia nzima Ornella alishika kitasa cha mlango, asije akapindishwa kwenye nyumba ya masista. Hakupindishwa. Alipotoka kwa daktari alimkuta padri kwenye benchi, amemkunjia koti lake, akamwegemea akalia.

Jumatatu iliyofuata, katika chumba namba nne alilazwa mwanamke mwingine. Uongozi ulikuwa umesikia malalamiko na kuchukua hatua haraka: uliweka mlango unaojifungua wenyewe, madaktari wasiumie mabega.