Mkaguzi wa Sufuria

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Mjomba. Nani alimtuma avae sufuria?

Wiki nzima kabla ya safari, sebule ya Bibi ilikuwa treni. Viti vilipangwa viwili viwili kuelekea kabatini, maana mpwa wa Mjomba, yule nyumba nzima inamwita Hakimu, ana usonji, na hataki jambo limrukie usoni bila hodi. Mwambie mapema hiki kwanza, kile baadaye. Akishashika, hukumu imetoka, na rufaa hakuna.

Safari ya basi walishaijaribu, bila mazoezi. Honi zikapigwa, mtoto akalia hadi sauti ikakauka, wakarudi nyumbani kutoka njiani. Na mama yake yuko huko mbali alikopata kazi, anawangoja. Bibi akasema, "Na treni ikishindikana, watoto wanabaki hapa mpaka mama yao apate likizo. Na likizo yenyewe, Mungu ndiye ajuaye."

Ndiyo hayo mazoezi sasa. Mjomba kamaliza shule juzi tu, kazi yake kula na kuchekesha watoto, akajipa ukaguzi wa tiketi. Kofia hana. Akabeba sufuria ya uji, akajitwika, akapita kati ya viti: "Tiketi, tiketi! Asiye na tiketi atasukuma treni!" Mdogo wake Hakimu, yule Kasuku, mdomo kama cherehani, alicheka mpaka akadondoka kitini. Alitaka awe mama anayengoja mwisho wa safari, akanyimwa kwa hicho kicheko chake. Wakaweka mto pale kabatini, ukawa ndio mama.

Hakimu hakucheka. Alitazama tu.

Siku ya kuondoka aligoma mlangoni mpaka sufuria iingie kwenye begi. "Ya mkaguzi," akasema. Mjomba akadhani mtoto anatania. Hakimu, atanie! Tangu lini?

Treni ikaondoka, mambo shwari. Hakimu dirishani, vifuniko vyake vya kuzuia kelele masikioni, tiketi zao zote mkononi kama walivyofanya sebuleni. Kasuku anamsimulia mama wa kiti cha mbele habari za ukoo mzima, hadi zile za aibu. Mjomba kashaanza kujipongeza, mara mlango wa behewa huo, ukafunguka. Mkaguzi. Pande la mtu, masharubu, kofia imenyooka.

"Tiketi, kijana."

"Mpe mkaguzi, Hakimu."

Hakimu akampandisha mkaguzi kwa macho, akamshusha. Akakaza ngumi. "Siye."

"Siye nani?" mkaguzi akauliza.

Kasuku akadakia, "Wewe huna sufuria!"

Behewa zima likageuka. Mjomba jasho hilo. Akachomoa sufuria, akaivaa mwenyewe, "Tiketi, tiketi..."

"Wewe abiria," Hakimu akasema. "Umekaa."

Mama wa kiti cha mbele akapasuka kwa kicheko. "Hapo mtoto hajakosea!"

Mkaguzi yeye hacheki. "Kijana, mimi si mchezo wa kuigiza. Ama tiketi, ama kituo kinachofuata mnashuka." Akanyoosha mkono kuzichukua mwenyewe.

Hakimu akajikunja, akaanza kujitikisa mbele na nyuma, na ile sauti nyembamba ikaanza kumtoka kooni. Mjomba anaijua. Ndiyo ile ya kwenye basi.

"Mzee wangu, nakuomba, usimguse." Utani wote ulikuwa umemwisha. "Mjinga ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Tukishuka hapa, mama yake hamwoni tena, sijui mpaka lini."

Mkaguzi akarudisha mkono. Akamtazama mtoto. Akaitazama sufuria.

"Huyo mkaguzi wenu," akauliza polepole, "huwa anasemaje?"

Kasuku akamtajia neno kwa neno. Kofia ya mkaguzi ikaenda kwapani, sufuria ikakaa juu ya masharubu. "Tiketi, tiketi! Asiye na tiketi atasukuma treni!" Na sauti anayo, maana hata waliosinzia walianza kupapasa mifuko.

Hakimu akaacha kujitikisa. Akatoa tiketi, moja moja. Mkaguzi akatoboa, akainua mkono aivue sufuria.

"Bado," Hakimu akasema. "Mpaka mlangoni."

Mzee wa watu akaendelea hivyo hivyo, behewa zima, mkono mmoja tiketi, mwingine umeshika mpini. Mama wa kiti cha mbele akampigia saluti.

Mjomba akashusha pumzi. Akacheka. Halafu kicheko kikamkatikia mdomoni. Mto!

Akatoa simu, akamwandikia dada yake: "Ukija stesheni njoo na mto. Usiulize."

Walipofika, jukwaa limejaa watu na mizigo. Hakimu akasimama mlangoni mwa behewa, hashuki, anatafuta. Na kule nyuma ya wachukuzi, mwanamke mmoja kakumbatia mto wa kulalia kifuani, watu wanampisha kama mgonjwa.

Hakimu akauangalia mto. Akamwangalia aliyeubeba.

"Ndiye," akasema, akashuka.