Fyuzi Kwenye Pindo la Khanga

Mota mpya ya mashine ya kusaga ya ushirika ililetwa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, mwaka ule wa foleni na mahindi ya njano. Aliyeitwa kuiunga na umeme alikuwa Benjamini, mtoto wa pekee wa Mektilda. Mama alifuatana naye. Debe la mahindi alikuwa nalo kichwani, lakini kilichompeleka si mahindi. Tangu walipohamia mjini kutoka Masasi, umeme aliuogopa kama mtu anavyoogopa nyoka asiyeonekana.

Benjamini alijua. Akashusha mkono wa meni swichi, swichi kuu iliyokuwa ukutani, ukumbi wa nyuma, akachomoa fyuzi zote tatu, akaja nazo mlango wa mbele alipoketi mama yake.

"Funga kwenye pindo, mama. Bila hizi umeme haupiti. Usimpe mtu mpaka nikuombe mimi, kwa mdomo wangu."

"Hata balozi?"

"Hata akija askofu."

Mektilda akatabasamu, akafunga fundo juu ya fundo.

Jua likapanda, foleni ya madebe ikazunguka kona. Ndani, Benjamini alikuwa amepiga magoti mbele ya starta, lile boksi la chuma lenye vitufe vya kuwasha na kuzima mota. Alianza na waya wa ardhini, akaendelea mmoja mmoja, anakaza, anavuta kuona kama umeshika.

"Huyo fundi anaunga au anashona?" akauliza Sitara, muuza vitumbua. "Maana kanzu ingekuwa imeshavaliwa."

Balozi wa nyumba kumi, mzee Mwinyimvua, akasogea.

"Shikamoo balozi."

"Marahaba. Mama Benjamini, watoto wamelala na njaa. Hizo fyuzi tupe, zirudishwe mahali pake, kijana atamalizia."

"Nimeambiwa nisimpe mtu, mzee wangu."

"Hata mimi?"

"Hata askofu."

Foleni ikacheka. "Leo khanga imekuwa benki," akasema Sitara. Mektilda akalibana pindo kwapani. Alijua ameshinda.

Shomari, msagaji wa pale, hakuwa mtu mbaya. Fyuzi ziliadimika madukani, na kila zilipoungua alikuwa anaweka waya wa shaba mahali pake, mashine ikasaga, watu wakamwombea dua. Siku ile alisikia ndani kimya, hakuna kinachogongwa, akadhani kazi imekwisha. Akapita uani, akafunga nyaya zake kwenye nafasi za fyuzi. Mota haizunguki mpaka mtu abonyeze kitufe, alijiambia, basi nani atadhurika? Hakujua kwamba umeme haubishi hodi kwa kitufe. Unaingia mpaka ndani ya starta, unakaa pale pale vidole vya fundi vilipo.

Mektilda aliusikia mkono wa meni swichi ukipanda: ka. Akapapasa pindo. Fyuzi zilikuwamo, zote. Akamwita mwanawe. Hakuitika.

Walimzika Kinondoni. Watu wakasema ajali haina kinga. Shomari akaja akaanguka miguuni pa Mektilda, naye akamwinua. Machoni pa mama lilikuwa lile boksi la meni swichi, jinsi lilivyoachwa wazi kwa kila mkono upitao.

Alipoitwa fundi mwingine, Hamis, kuimalizia kazi, Mektilda alimtangulia. Safari hii hakukaa mlango wa mbele. Alikuwa ameng'oa kufuli la sanduku lake la khanga. Akangoja Hamis azime, achomoe fyuzi, aende kwenye starta apime nyaya kwa balbu mpaka aone haiwaki. Ndipo akalifunga boksi la meni swichi kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga, akaketi chini yake, mgongo ukutani.

Sitara akamfuata, akachuchumaa kando yake. "Sanduku umeliacha wazi, dada. Wataiba khanga zako."

"Waibe."

Foleni ilikuwa ndefu vilevile. Hakuna aliyemhimiza.

Hatimaye Hamis akaita kutoka ndani, "Tayari, mama. Nipe ufunguo."

"Toka kwanza," akasema Mektilda. "Uje usimame hapa mbele yangu. Mikono yote miwili niione."

Hamis akaja, akainyoosha. Mektilda akaitazama kidole kwa kidole, kisha akaanza kulifungua fundo.